Sura ya 6: Gari Halivuti

Ukitoka Bahi kuelekea Manyoni, barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Mlima wenyewe si wa kutisha, na dereva mwenye gari zima huumaliza bila hata kuukumbuka. Lakini ni hapo ambapo magari mengi ya zamani yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tabora hutoa siri yaliyokuja nayo tangu Morogoro. Kwenye tambarare ya Ugogo gari lilikuwa likienda vizuri tu, kilomita 80 kwa saa. Sasa dereva amekanyaga mafuta hadi chini, injini inaguna, mshale wa spidi unarudi 60, unarudi 50, unarudi 40, na lori lenye saruji linampita. Akifika juu, Manyoni, tambarare inaanza tena na gari linapata nafuu. Dereva anajiambia ulikuwa mlima tu. Anajaza mafuta, ananunua maji ya kunywa, anaelekea Itigi.

Mbele yake kuna Mgunda Mkali. Ndivyo watu wa misafara ya karne ya 19 walivyoiita nyika iliyotenganisha Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kutoka hapo kwenda Ujiji, waliihofia kwa sababu maji yalikuwa ya kubahatisha na vijiji vilikuwa mbalimbali mno, na kila mmoja wao alikuwa na mzigo wa karibu kilo 30 begani. Leo pana lami. Kipande cha Chaya hadi Nyahua, kilomita 85 hivi, ndicho kilichochelewa kuwekewa, na tangu kikamilike mtu wa Tabora anafika Dodoma bila kuzungukia Nzega na Singida. Lami hiyo, hata hivyo, haikuja na gereji. Gari likikataa katikati ya Itigi na Tabora, mwenye gari ana miombo kushoto, miombo kulia, na simu ambayo mtandao wake unakuja na kuondoka.

Kitu kinacholifanya gari liwe zito namna hii kinaweza kuwa kimoja kati ya vingi. Sura hii inahusu kimojawapo, kile ambacho mafundi wetu wanakiita masega. Tabora ukilitaja neno hilo peke yake unaweza kuletewa ndoo ya asali kutoka Sikonge, kwa hiyo sema masega ya gari.

Yamefungwa ndani ya ekzosi, kati ya injini na silensa. Kwa nje unaona uvimbe wa bati nene kwenye bomba. Ukilikata bati hilo unakuta tofali la kauri lenye vijitundu vyembamba vilivyonyooka kutoka upande mmoja hadi wa pili, mamia kwa mamia, na kuta za vijitundu hivyo zimepakwa madini matatu: platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa gari dogo yote matatu kwa pamoja ni gramu chache tu. Moshi wa injini ukipita humo, monoksidi ya kaboni, ambayo ni sumu inayoua bila harufu, inageuzwa kuwa dioksidi ya kaboni. Petroli iliyotoka bila kuungua inamalizikia kuungua humo. Oksidi za nitrojeni zinavunjwa na kurudi kuwa nitrojeni, gesi ile ile tunayoivuta kila siku. Masega mazima yaliyopata moto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya uchafu huo.

Zingatia hilo la kupata moto. Chini ya nyuzi 300 hivi za Selsiasi masega hayafanyi kitu cha maana. Gari linalotoka Isevya, hapa Tabora, kwenda sokoni na kurudi, mwendo wa dakika chache, linaweza kumaliza wiki nzima masega yake hayajawahi kuchemka sawasawa. Masizi yanajipanga humo taratibu, na hakuna anayejua mpaka siku ya safari.

Aliyeanza kukitengeneza kifaa hiki kwa ajili ya magari ni Mfaransa, Eugène Houdry, mtaalamu wa kusafisha mafuta ghafi aliyehamia Marekani. Hiyo ilikuwa miaka ya 1950. Kikakaa kabatini karibu miaka 20, kwa sababu petroli ya wakati huo ilitiwa risasi, na risasi hugandamana juu ya platinamu ikaifanya isiguse tena moshi. Marekani ilipoamua kudai moshi safi kwenye magari ya kuanzia modeli za 1975, ilibidi petroli isiyo na risasi ianze kuuzwa kwanza.

Kwetu mambo yalikwenda kinyumenyume. Magari ya mitumba kutoka Japani yalianza kumiminika miaka ya 1990, yakiwa na masega, huku pampu zetu bado zikitoa petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, kuiondoa, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo Carina iliyoshushwa bandarini mwaka 1998 ilikunywa risasi kwa miaka kadhaa. Masega yake yalikufa mapema, na mwenye gari hakujua, kwa kuwa kwa kawaida risasi haizibi vijitundu. Inaua kazi ya madini tu. Gari linaendelea kuvuta, mlima linapanda, na anayeumia ni mtoto aliyesimama nyuma ya bomba la moshi.

Tofauti hiyo ni muhimu kuliko zote katika sura hii, na mafundi wengi wanaichanganya. Kuna masega yaliyokufa na kuna masega yaliyoziba. Yaliyokufa hayamsumbui dereva. Yaliyoziba ndiyo yanayomkwamisha kwenye mlima ule wa Manyoni, kwa sababu injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuingiza nyingine, sawa na mtu anayekimbia huku amebanwa pua na mdomo. Kadiri anavyokanyaga mafuta ndivyo moshi unavyozidi kurudi nyuma na ndivyo injini inavyozidi kuchemka.

Sasa swali la nani kayaziba. Masega hayana sehemu inayozunguka wala inayosuguana. Yakitendewa haki yanaweza kuishi umri wa gari lenyewe. Yakiziba, kuna kitu huko mbele yake kimeyaharibu, na kitu hicho kikiachwa kitayaharibu na yatakayofuata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni injini.

Muuaji mkuu ni kumisi. Plagi imechoka, au koili moja imekufa, silinda moja haiwaki, lakini nozeli yake inaendelea kunyunyiza petroli kama kawaida. Petroli hiyo mbichi inatoka na hewa yake hadi kwenye masega, na huko inakuta joto la kutosha kuwaka. Joto linapanda kupita nyuzi 1,000, kauri inaanza kuyeyuka, vijitundu vinashikana vinakuwa donge. Ukiinama chini ya gari usiku unaweza kuliona bati limeiva jekundu. Watu wanakwenda na injini inayomisi kutoka Kahama hadi Tabora kwa kuwa "bado inatembea." Ni kweli inatembea. Lakini koili moja ambayo ingebadilishwa kwa muda wa kunywa chai imegeuka kuwa hasara ya masega, na hapo ndipo gari la bei nafuu linapoanza kuwa ghali. Taa ya cheki injini ikiwaka tulivu, una muda wa kutafuta fundi. Ikianza kupepesa, kwenye magari mengi hiyo ni taarifa kwamba injini inamisi vibaya kiasi cha kuunguza masega wakati huo huo, na la kufanya ni kuondoa mguu kwenye mafuta na kusimama mahali salama.

Wa pili ni oili. Injini iliyochoka ringi inakula oili, na oili ina fosforasi na zinki ambazo hazichomeki zikaisha. Majivu yake yanabaki kwenye kuta za vijitundu. Injini za Toyota aina ya 1ZZ za miaka ya mwanzo, zile zilizokuja na Spacio za toleo la pili na Allion za kwanza, zinajulikana kwa tabia hiyo. Ukijikuta unaongeza oili katikati ya sevisi mbili, ujue inakokwenda. Maji ya rejeta yanayovujia ndani kupitia gasketi ya silinda hedi nayo huacha uchafu wake humo humo. Na kuna gundi ya silikoni ambayo fundi anaipaka kwa ukarimu kila anapofunga kitu: ikiwa si ile iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa, mvuke wake unaharibu sensa ya oksijeni, sensa inaidanganya kompyuta, kompyuta inaweza kuzidisha petroli, na petroli tumeshaona inakoishia.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo na kwa hiyo yakaishia kwenye matenki ya magari badala ya kwenye kandili. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuutambua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili mchezo usilipe. Hali ilibadilika sana. Bado kuna petroli ya kwenye madumu na chupa huko vijijini, ambayo imepita mikono mingi na hakuna anayejua imechanganywa na nini. Mtu aliyeishiwa mafuta porini hana la kuchagua, namwelewa. Ajaze kidogo cha kumfikisha kwenye pampu.

Mengine ni ya njia zetu. Masega yaliyotoka kwenye mwendo mrefu yana joto la mamia ya nyuzi. Ukiyazamisha ghafla kwenye maji ya mbuga wakati wa masika, kauri inaweza kupasuka. Jiwe likigonga bati kwa chini, kauri inavunjika vipande, na vipande vinaziba njia au vinasafiri hadi silensa. Gari la gia za kawaida likiisha betri tunalisukuma liwake, na kila jaribio lililoshindikana linapeleka petroli mbichi kwenye ekzosi. Sukuma mara moja, likigoma tafuta waya za kuazima moto.

Tuje gereji. Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, gari imekuwa nzito. Inanguruma tu, haiendi."

"Masega hayo, bosi. Tuyatoboe?"

Hajafungua boneti. Pengine amepatia, kwa kuwa amekwisha kuona magari mengi kuliko mimi na wewe, lakini gari zito linaweza kuwa na pampu ya mafuta iliyochoka, filta ya hewa iliyojaa vumbi la Urambo, breki zinazoshika bila kukanyagwa au giaboksi inayoteleza. Kutoboa masega hakutibu lolote kati ya hayo, na kauri ikishatoka hairudi.

Kuna vipimo visivyohitaji kompyuta. Kwanza, gari likiwa limepoa, piga bati la masega kwa ngumi au nyundo ya mpira. Likisikika lina kokoto ndani, kauri imevunjika. Usichanganye na bati la kuzuia joto lililolegea, ambalo lina kelele nyembamba zaidi na linatibiwa kwa waya. Pili, mwombe fundi afungue sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, kwa spana ya 22, gari likiwa bado halijapata moto mkali. Liwashe, lipige resi, liendeshe mita chache uani. Litapiga kelele ya trekta. Likirudisha nguvu zake zote ghafla, kizuizi kiko mbele ya tundu hilo, na mara nyingi ni masega. Fundi mwenye geji ya presha anaweza kuifunga kwenye tundu hilo hilo: injini ikiwa imetulia isizidi psi 1.25 hivi, na ikizungushwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika isifike 3. Ikipita hapo, hakuna ubishi.

Mashine ya kompyuta inasaidia, ila inahitaji msomaji. Kodi P0420 inasema kazi ya masega iko chini ya kiwango. Haisemi yameziba. Kompyuta inafikia uamuzi huo kwa kulinganisha sensa mbili, ya kabla na ya baada. Moshi ukitoka jinsi ulivyoingia, inaandika P0420. Ekzosi inayovuja kwenye maungio inaweza kuileta, na sensa ya nyuma iliyozeeka pia. Kodi za P0300 hadi P0304 ndizo za kutafuta kwanza kwenye injini ya silinda nne, maana zinaeleza kumisi. Ukiziona pamoja na P0420 umeshampata muuaji na maiti kwenye karatasi moja. Na kumbuka kwamba baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayakuwekewa uangalizi huo wote. Taa kutowaka hakuthibitishi chochote.

Na ukiwa bado uko Mgunda Mkali? Jambo la kwanza ni majani. Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba nyasi za miombo zimekauka kabisa, na bati la masega yanayoungua lina joto la kutosha kuziwasha. Ukisimama, simama kwenye lami au udongo mtupu, usiingie kwenye nyasi kutafuta kivuli. Moto wa porini unaunguza mizinga ya watu, na gari lako litakuwa la kwanza kuteketea. Likishapoa kabisa, fundi au dereva anayejua anachofanya anaweza kulegeza bolti za maungio yaliyo kabla ya masega ili moshi upate pa kutokea. Gari litapiga kelele hadi mwisho wa safari. Fungua vioo vyote, nenda polepole, hakikisha moshi haupigi waya wala bomba la mafuta, usilale ndani injini ikiwaka. Hiyo ni njia ya kufika Itigi au Tabora siku ile ile. Wako wanaoendelea nayo mwezi mzima, na hao wanacheza na monoksidi ya kaboni.

Umefika Tabora, umethibitisha. Njia ziko nne, na sizipendi kwa usawa.

Kuyatoa na kuyaloweka kwenye maji moto na sabuni kunaondoa masizi na mafuta yaliyoganda. Kwa gari lililoteseka na safari fupi inaweza kusaidia, na gharama yake ni jasho tu. Kauri iliyoyeyuka haioshwi, na risasi au fosforasi haiondoki kwa sabuni, awe nani anayekuahidi.

Masega ya mtumba yanayokatwa kwenye magari yaliyofumuliwa Japani yanapatikana Ilala na Kariakoo, Dar es Salaam. Yamulike kwa tochi upande mmoja na utazame upande wa pili: vijitundu viwe wazi vyote, kauri iwe haichezi. Huwezi kujua yamebakiza uhai gani. Bado naona ndiyo njia yenye akili kwa gari lenye miaka 20, mradi ugonjwa wa injini umetibiwa kabla. Mapya yasiyo ya kiwandani, yale ya kuchomelea, yanafanya kazi ikiwa ukubwa wake unalingana na injini na mshale wa mwelekeo haukugeuzwa. Madini yake ni machache kuliko ya asili, kwa hiyo usitarajie umri ule ule. Mapya ya kiwandani kabisa sina haja ya kuyajadili; kwa gari la umri huu bei yake inaweza kukaribia ya gari.

Haya yote lazima yaagizwe kutoka pwani, na watu wa Tabora wamezoea kungoja vitu vya pwani. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, bado lipo tembe ambamo Livingstone alikaa kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi na bidhaa ambazo Stanley aliahidi kumtumia. Siku hizi kifurushi kinapakiwa basi Dar es Salaam leo, kesho kiko stendi. Anayekwambia hawezi kungoja siku mbili, ana sababu nyingine ya kutaka kutoboa.

Sababu hiyo ipo, na ndiyo njia ya nne. Kutoboa ni kuivunja kauri kwa nondo, kuimwaga, na kurudisha bati likiwa tupu. Gari linavuta siku hiyo hiyo na mteja anaondoka anacheka. Trafiki wanakagua taa, breki na matairi. Sijamwona bado anayelala chini ya gari kutafuta masega. Sitamhukumu dereva wa teksi ambaye watoto wake wanasubiri ada. Lakini aambiwe ukweli wote. Masega yaliyotobolewa hayapunguzi ulaji wa mafuta kuliko masega mazima. Moshi unaokuja sasa una monoksidi ya kaboni kamili, na Noah ya zamani yenye mpira wa mlango wa nyuma uliochakaa huuvuta moshi ule ndani, walipokaa abiria wa siti ya mwisho. Kuna pia kirefusho kinachofungwa kwenye sensa ya nyuma ili taa izime. Kinazima taa, basi.

Na kauri iliyomwagwa inakwenda wapi? Fundi anayejitolea kutoboa bure hana kichaa. Kuna wanunuzi wanaozunguka mikoani wakikusanya masega, hata yaliyoziba, hata yaliyosagika, kwa kuwa madini bado yamo. Rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa wakia mwaka 2021 kabla ya kuporomoka. Mzigo unashuka Dar es Salaam, unapanda meli, unaishia kwenye viwanda kama kile cha Umicore huko Hoboken, Antwerp, Ubelgiji, ambako madini yanayeyushwa na kutengwa upya.

Tabora ina historia ndefu na biashara ya namna hii. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya zamani, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiomani kama Snay bin Amir wakikusanya pembe za ndovu. Pembe zilinunuliwa kwa vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba, zikabebwa kwa miguu hadi Bagamoyo, zikavuka Unguja, na baadhi zikaishia Connecticut, Marekani, kuwa funguo za piano. Kila hatua kuelekea pwani bei ilipanda, na aliyekuwa mwanzo wa njia ndiye aliyekuwa na habari chache kuliko wote kuhusu mwisho wake. Mwenye gari anayeacha masega yake gereji yuko mahali pale pale. Gari ni lako, kilichomo ni chako. Ukiamua kuyatoa, ondoka nayo kwenye mfuko, ulizia bei kwa wanunuzi zaidi ya mmoja, na uzia anayeandika risiti, maana biashara hii ina wezi wanaokata masega ya magari ya watu usiku. Usikubali yasagwe mbele yako bila barakoa. Vumbi la kauri na la ule mkeka unaoizungushia haliyafai mapafu ya fundi wala ya kijana anayejifunza kazi kwake.

Umepata ya mtumba, kifurushi kimefika. Kabla hayajafungwa, plagi zote zibadilishwe, koili iliyokufa itoke, ulaji wa oili upimwe kwa kijiti kwa wiki nzima ikiwa una shaka. Gasketi za maungio ziwe mpya. Za zamani zikirudishwa zitavuja na P0420 itarudi, nawe utayalaumu masega yasiyo na kosa. Bolti zipakwe mafuta ya kuzuia kutu yanayostahimili joto. Yakishafungwa, liache gari lichemke taratibu, halafu lipeleke barabara ya Nzega, mwendo wa kilomita 80 bila kukatisha, kwenda na kurudi. Fundi asome sensa mbili injini ikiwa ya moto: ya mbele ipande na kushuka haraka haraka, ya nyuma itulie, karibu mstari ulionyooka. Nayo ikiruka kama ya mbele, na maungio hayavuji, yarudishe kwa aliyekuuzia kabla hajasahau sura yako.